Mtoto aliyesoma wakati wa uji: kisa cha mwana wa mkata mkonge mkoani Tanga

Majina yote humu nimeyabadilisha. Wilaya, shamba na shule sikuvitaja, na mambo mawili matatu ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto nimeyaondoa. Mtoto nitamwita Yusufu, mdogo wake nitamwita Asha. Mimi nilikuwa mwalimu wa malezi na unasihi katika shule yao. Nakiandika kisa hiki kwa walimu wenzangu wanaofundisha karibu na kambi za mashamba, na kwa wajumbe wa kamati za shule, kwa sababu makosa tuliyoyafanya si ya ajabu. Yanaweza kuwa yanafanyika kwenu wiki hii.

Usuli

Shule yetu imezungukwa na mkonge pande tatu. Zao hili lilifika pwani hii mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kama 1,000 kutoka Florida, ikafika hai miche 62 tu. Hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote unayoyaona ukitoka Korogwe kwenda Muheza. Tangu mwanzo kazi ya kukata haikupata wenyeji wa kutosha, kwa hiyo watu walifuatwa mbali: Kigoma, Songea, Rwanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha pamoja cha kuandikisha vibarua, SILABU. Kibarua aliandikwa kwa namba, na ndipo likapatikana neno manamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Uzalishaji umeshuka sana tangu wakati ule, lakini kambi zimebaki, na watu wa Kigoma bado wanakuja.

Baba Yusufu ni Mha. Babu yake Yusufu aliwahi kuja Tanga kwa namba, akarudi kwao. Mwanawe amekuja kwa basi, bila namba, kwa kusikia tu kwamba kuna shamba linahitaji wakataji. Kabla ya hapo familia ilikuwa imepita kwenye tumbaku Tabora, kisha mkonge Kilosa. Yusufu alipotufikia alikuwa na miaka 13, na shule yetu ilikuwa ya nne.

Jambo moja kuhusu mkonge ambalo mwalimu mgeni halijui. Tumbaku ina msimu, mkonge hauna. Majani hukatwa mwaka mzima, na yakishakatwa lazima yafike korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi, haraka kabla hayajakauka. Kwa hiyo mtoto wa mkata mkonge hapotei shuleni mwezi wa mavuno halafu akarudi. Anapotea kidogo kidogo, Jumatatu hii, Alhamisi ile, na daftari la mahudhurio halipigi kelele. Familia nzima huhama pale korona inapoharibika. Mashine ikilala wiki tatu, hakuna kukata, na asiyekata halipwi.

Pwani hii tuna usemi wetu: waja leo waondoka leo. Katika ofisi ya walimu usemi huo tuliutumia kwa watoto wa kambini, na nasema kwa uchungu kwamba hata mimi niliutumia. Ulikuwa unatupa ruhusa ya kutojisumbua.

Siku ya kwanza

Alikuja katikati ya Februari, nyuma ya baba yake, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na daftari moja na kadi yake ya kliniki. Barua ya uhamisho haikuwepo. Baba alisimama mlangoni akanisalimu, akasema, "Mwalimu, huyu alikuwa darasa la nne huko Kilosa. Tuliondoka kabla hajafanya mtihani. Karatasi sina."

Niliomba nilione daftari. Pembe zake zilikuwa zimekakamaa kwa madoa ya utomvu, na kurasa za katikati zilikuwa na safu ndefu za namba, bila maelezo: 30, 60, 90, 120, hadi mbali sana. Nilidhani ni adhabu aliyopewa na mwalimu wake wa zamani. Nilipomuuliza akasema ni mafungu ya baba. Wakataji hufunga majani thelathini thelathini, na yeye ndiye aliyekuwa karani wa nyumbani.

Nikamjaribu. "Mafungu 80 yana majani mangapi?" Hakushika hata kalamu. "Elfu mbili na mia nne." Nilipomwandikia hesabu hiyohiyo ubaoni kwa mtindo wa darasani, 80 juu na 30 chini, aliangalia kama anayetazama maandishi ya nchi nyingine. Kusoma Kiswahili alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kiingereza hakuwa nacho kabisa.

Kalamu aliishika kwa vidole viwili vya pembeni. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kimechomwa na ncha ya jani. Nililiona hilo siku ya kwanza na nikaliandika. Kulifuatilia nikachelewa miezi mitatu.

Uamuzi wa darasa

Mwalimu mkuu alimpokea papo hapo, karatasi itafutwe baadaye. Sikuona cha kujadili hapo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 hatuna sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa ada.

Ubishi ulikuwa juu ya darasa. Kwa umri angekuwa darasa la saba. Wapo waliosema aende MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambao huwapokea watoto wa umri wake. Lakini kituo kilichokuwa karibu kilikuwa kata ya jirani, zaidi ya mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wote tulijua asingefika wiki ya pili. Wengine wakasema awekwe darasa la tano asiaibike. Tuliamua darasa la nne, ili afanye upimaji wa kitaifa mwaka uleule na awe na kitu kilichoandikwa kwa jina lake. Mtoto anayehamahama anaweza kupoteza daftari, sare na hata rafiki. Matokeo yaliyoingia kwenye mfumo wa taifa hayapotei njiani.

Nilimweleza mwenyewe, tukiwa wawili. Aliuliza swali moja: "Nitakaa na watoto wa miaka kumi?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama anaweza kukaa nyuma.

Namba iliyopotea

Kila mwanafunzi wa nchi hii ana namba yake ya PREM, mfumo wa taifa wa kumbukumbu za wanafunzi, na bila hiyo jina haliingii kwenye orodha ya watahiniwa. Ya Yusufu ilikuwa Kilosa. Mwalimu mkuu alipiga simu Machi, akaambiwa hakuna mwanafunzi wa jina hilo. Akapiga tena Aprili, jibu likawa lile lile. Mwezi Mei ndipo Yusufu mwenyewe aliponiambia, kwa aibu, kwamba kule aliandikishwa kwa jina la babu kwa kuwa karani wa shamba ndivyo alivyomwandika baba yake kwenye daftari la malipo, na shule ikanakili. Tulipotoa jina hilo, alipatikana ndani ya dakika mbili. Mbele ya jina lake paliandikwa "mtoro".

Babu yake alipewa namba, jina lake likasahaulika. Mjukuu alipoteza jina, namba yake nayo ikapotea. Uhamisho kwenye mfumo ulikamilika Juni. Miezi minne ilikwenda kwa swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza: "Shule uliyotoka, walikuita nani?"

Uji

Hapa ndipo penye somo kubwa, na ndipo ninapoona haya.

Shule yetu hupika uji saa nne kwa mahindi yanayochangwa na wazazi. Kulikuwa na orodha. Mpishi aliita majina kwa darasa, anayeitwa anapanga foleni na kikombe chake. Yusufu wakati huo alikwenda chini ya mwembe ulio nyuma ya vyoo, akakaa na daftari lake, akaandika.

Mwalimu wa zamu alimwona. Akatuambia ofisini. Tukafurahi sote. Ijumaa moja ya mwezi Aprili, wakati wa gwaride, mwalimu huyo alimsimamisha mbele ya shule nzima akasema, mtazameni mwenzenu, wakati ninyi mnagombea uji yeye anasoma, huu ndio uvumilivu. Shule ikapiga makofi. Mimi nilipiga makofi.

Mwezi Mei, siku ileile aliponiambia habari ya jina, nilimuuliza kwa nini hataki uji. Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Sijakataa, mwalimu. Jina langu halisomwi."

Baba yake hakuwa ametoa debe la mahindi. Hakuna aliyemfukuza kwenye foleni. Aliona tu siku ya kwanza kwamba hakuitwa, akatafuta mahali pa kukaa ambapo hataonekana akitazama. Daftari lilikuwa la kushika mkononi. Na baada ya makofi yale, hata kama mpishi angemwita, angeendaje? Tulikuwa tumeshamtangazia shule nzima kwamba yeye hahitaji.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Mlisema ni vizuri."

Ziara ya kambini

Siku mbili baadaye nilikwenda kwao. Nyumba za kambi ni za safu, chumba kimoja na kibaraza, choo cha pamoja mwishoni. Mama Yusufu alinipa kigoda. Baba alikuwa amerudi kutoka shambani, anaosha mikono kwa mchanga na maji kuondoa utomvu, maana ukibaki unawasha usiku kucha.

Nilijua tayari kwamba Yusufu huondoka na baba yake saa kumi na moja alfajiri, anafunga mafungu hadi saa moja, kisha anakimbilia shule. Jumamosi anashinda huko. Sheria iko wazi: umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na hata hapo ni kwa kazi nyepesi tu. Ningeweza kwenda kwa afisa ustawi wa jamii asubuhi yake. Sikwenda. Niliogopa kwamba wangefungasha usiku, na shule ya tano ingeanza upya kutafuta namba. Mpaka leo sina hakika kama nilipima sawa, na sitamlaumu mwalimu ambaye angefanya kinyume. Ningekuwa nimeona panga mkononi mwa mtoto, ningekwenda siku hiyohiyo.

Baba alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, mimi sikuja Tanga kusomesha, nimekuja kukata. Lakini huyu akishika kalamu mimi simnyang'anyi. Shida ni mafungu. Peke yangu sifikishi."

Tulikubaliana mambo matatu. Yusufu asikanyage tena shambani. Jina lake liingie kwenye uji mara moja, mahindi yatakuja akipata. Na wakitaka kuhama, baba aje kwanza kuaga shuleni, hata kama ni siku ya kuondoka, hata kama anadaiwa. Jambo la tatu lilimshangaza. Akasema kote walikopita waliondoka bila kuaga kwa sababu ya michango. Nilimwahidi kwamba hakuna atakayemdai chochote mlangoni, na mwalimu mkuu alilisimamia hilo.

Darasani

Hesabu zilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia, mara tulipoacha kuanzia kitabuni. Mwalimu wa hisabati alileta nyuzi za mkonge, akawaambia watoto wafunge vijiti thelathini thelathini, na Yusufu akawaonyesha namna ya kuhesabu mafungu bila kuhesabu vijiti. Kisha wakaandika kile walichokifanya. Ndani ya wiki mbili ile 80 mara 30 ya ubaoni ikawa na maana, kwa sababu aliona ni kitu kile kile kilichovaa nguo nyingine. Wenzake wa miaka kumi walianza kumfuata na madaftari yao. Akahama mwenyewe kutoka nyuma, akakaa katikati.

Kusoma kulichukua muda mrefu zaidi, na Kiingereza kiliendelea kuwa mlima.

Matokeo

Alifanya upimaji wa darasa la nne, akafaulu, si kwa alama za kutangazwa, lakini akaingia darasa la tano akiwa na miaka 14.

Mwezi Agosti mwaka ule, nikipitia mahudhurio ya madarasa ya chini kwa shughuli nyingine kabisa, niliona jina la Asha, darasa la pili. Tangu Juni alikuwa amekosa siku nyingi kuliko alizofika. Nikaenda tena kambini. Yusufu alipotolewa shambani, mama alikwenda kufunga mafungu mahali pake, na kitoto cha miezi minane kikabaki na Asha. Hakuna aliyenificha. Hatukuwa tumeuliza.

Tulifanya tulichoweza: mama akawa anamwacha mtoto kwa jirani mzee siku tatu za wiki, na mwalimu wa darasa la pili akambakiza Asha nusu saa baada ya masomo. Mahudhurio yalipanda kidogo. Mwisho wa mwaka alikuwa bado hawezi kusoma sentensi.

Mei ya mwaka uliofuata korona iliharibika. Wiki ya tatu, saa mbili asubuhi, Baba Yusufu alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, watoto wawili nyuma yake. "Tumekuja kuaga."

Uchambuzi

Ukiniuliza kilichofaa zaidi, ni kuaga kule. Uhamisho wa Yusufu kwenye mfumo safari hii ulichukua siku tatu. Aliondoka na barua, namba ya PREM imeandikwa kwa wino nyuma ya kadi ya kliniki na pia nyuma ya daftari, na ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono kueleza anachokiweza, anachokihangaikia, na hesabu ya thelathini. Mwalimu aliyempokea alinipigia simu baada ya siku chache kuuliza habari za mafungu, maana mtoto alikuwa tayari amemweleza.

Kumweka darasa la nne naona ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa ulikuwa na gharama tuliyoiongeza sisi. Kwa kuwa alikuwa mrefu, kila mwalimu alimtuma: maji, kuni, kuhamisha madawati. Mtoto tuliyemtoa kwenye kazi ya shamba tukampa kazi ya shule. Mwalimu mkuu alipolisema hilo kikaoni tulikuwa tumeshafika Septemba.

Kuhusu uvumilivu. Tuliudhania kuwa ndio tunaopaswa kumfundisha. Yusufu alikuja nao akiwa ameshaubeba shule tatu. Kilichokuwa kinaumaliza ni kuutumia kwa mambo ambayo mtu mzima angeyamaliza kwa dakika mbili: jina, namba, kikombe cha uji. Na tuliposimama mbele ya gwaride kumsifu kwa kutolalamika, tulimfunga mdomo. Mtoto aliyesifiwa kwa kunyamaza hawezi kesho kuja kukuambia ana njaa. Sasa shuleni kwetu hatusomi orodha ya uji. Kila mtoto anakuja na kikombe, na suala la debe linabaki baina ya kamati na mzazi. Mahindi yamepungua kweli, na kuna wiki uji unakuwa mwepesi. Kamati ilipiga kura mara mbili juu ya hilo, na mara zote mbili ikachagua uji mwepesi kwa wote.

Kukua kwake nilikuona mahali ambapo sikupatafuta. Mwezi Februari wa mwaka wa pili mwalimu mmoja alimtuma maji akiwa kwenye kipindi cha Kiingereza. Akasimama, akasema kwa heshima, "Samahani mwalimu, naomba niende kipindi kikiisha." Darasa likanyamaza. Mwalimu akamwambia akae.

Kosa ambalo sijalimaliza ni la Asha. Tulipanga maisha ya nyumba nzima tukimtazama mtoto mmoja, yule aliyekuwa na kisa cha kusimulia, na mzigo wake ukateleza ukamwangukia mdogo wake, ambaye hakuwa na chochote cha kutushangaza. Ziara ile ya Mei ilihitaji swali moja zaidi: akitoka huyu, nani anaingia mahali pake, na mtoto mchanga anabaki na nani? Siku hizi naliuliza kila nyumba, na mara nyingi jibu lake hubadilisha mpango mzima.

Siku ile walipokuja kuaga niliandika kurasa mbili, moja ya kila mtoto. Ya Yusufu ilijaa mbele na nyuma. Ya Asha, nilipofika kwenye sehemu ya anachokiweza, nilikaa na kalamu muda mrefu, yeye amesimama mbele ya meza yangu na mdogo wake mgongoni. Mwishowe nilimuuliza mwenyewe. Alifikiri, akasema anajua kumlaza mtoto asilie. Nikaliandika hilo.